Magunia Yaliyokataa Kujumlishwa

Utemini, Singida
9 Machi 2004

Mwanangu Luqmani,

Meneja mpya wa kiwanda, Bwana Alute, ametangaza leo asubuhi kwamba ifikapo mwisho wa Juni mashine zote za taipu zitaondolewa ofisini, na kati yetu wapiga chapa wawili atabaki mmoja. Nimeandika hili kabla ya salamu usije ukadhani hii ni barua ya kawaida.

Sasa salamu. Sisi hapa ni wazima. Bibi yako mguu umepungua kuvimba na ameanza tena kusema watu, kwa hiyo amepona. Baba yako Shamte amefungua mlango wa pili dukani, upande wa sokoni, na anasema wateja wanaingia huku na kutokea kule bila kununua. Mvua imenyesha Iguguno, mjini bado.

Turudi kwenye jambo lenyewe. Mtihani wa kumpata atakayebaki ni Alhamisi tarehe 8 Julai. Tutachapa barua, kisha tutengeneze jedwali la magunia ya alizeti yaliyopokelewa, pamoja na jumla yake, kwenye kompyuta. Stefano wa ghala aliuliza kama kutakuwa na mafunzo. Bwana Alute akajibu: "Mafunzo yapo kwenye intaneti, bure, dunia nzima inajifunza huko. Mimi nalipia kazi, silipii shule." Zamani kiwanda kikiwa cha serikali tungepelekwa semina Morogoro. Sasa kina mwenyewe.

Mwenzangu unamjua, ni Kristina, yule unayemwita Mama Witness. Tangu mwaka 1987 tumekaa chumba kimoja tukipeana mgongo, kwa sababu ofisi ni nyembamba.

Unajua nilivyoondoka kwa mume wangu, na unajua niliapa sitaishi tena nyumbani kwa mtu. Nyumba hii ninapanga, na kazi ndiyo inayoniweka humu. Baba yako amekwisha kusema chumba cha uani kipo, na dukani kiti cha dada hakikosekani. Amesema kwa wema. Ndiyo maana nimeogopa.

Karibu na stendi kuna kijana anaitwa Ezekieli, amefungua kafe ya intaneti. Ana kompyuta nne, mbili zinafanya kazi. Niandikie ni wapi huko kwenye intaneti wanafundisha majedwali, kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kuchapa barua za watu wengine. Nijibu kwa mkono. Kwa Ezekieli kioo cha kompyuta kinatazama mlango, na kila anayeingia anasoma.

Shangazi yako,
Saada


Tabata, Dar es Salaam
22 Machi 2004

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliipata kwa utingo wa basi, imekunjwa mara nne na ina alama ya mafuta, lakini inasomeka. Mimi mzima. Chuo kimeanza muhula, maji yanakatika hosteli, tunaoga kwa zamu. Mwambie Bibi namsalimia, na zile karanga zilifika, wenzangu walizimaliza nikiwa darasani.

Hizi ndizo sehemu nne. Nimeziandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili ili Ezekieli asikosee.

Ya kwanza ni ukurasa wa chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha majedwali somo kwa somo. Kila somo lina zoezi na jibu lake. Anza nayo hiyo, na usiruke somo hata ukiona ni la kitoto. Ya pili ni kamusi. Ukikutana na neno la Kiingereza usilolijua, liandike pale upate maana. Ya tatu ni orodha ya njia za mkato za vitufe. Hiyo mwombe Ezekieli akuprintie, uibandike jikoni. Ya nne ni barua pepe. Fungua anwani yako mwenyewe, kisha nitumie jedwali unalofanyia mazoezi nilisahihishe.

Kuna pia sehemu ya kufundishia kuchapa. Iache. Wewe ndiwe wa kuwafundisha wao.

Unapotafuta kitu, andika maneno machache tu.

Je, Mama Witness naye ameanza? Mnajifunza pamoja?

Mwanao,
Luqmani


Utemini, Singida
11 Aprili 2004

Mwanangu Luqmani,

Natumaini maji yamerudi. Hapa leo ni Pasaka. Kristina ameniletea sahani ya wali na kuku, kama kila mwaka, nami nimemrudishia sahani na tambi za sukari, kama kila mwaka. Bibi yako anasema kuku alikuwa mgumu. Amekula mapaja yote mawili.

Sasa kazi. Siku ya kwanza niliandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia: "Habari za leo, naitwa Saada, naomba kujifunza majedwali." Ezekieli alicheka mpaka akatoka nje. Siku ya pili akaniambia, "Mama, punguza mkono, hicho si kinu." Ni kweli ninagonga kwa nguvu. Nimezoea mashine ambayo usipoipiga haikusikii. Nimezoea pia kurudisha mstari kila ninapofika ukingoni, na kompyuta inarudi yenyewe, kwa hiyo barua yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mifupi na mirefu kama meno ya mzee.

Hayo nimeyashinda. Masomo ya kile chuo nimefika la saba. Mwalimu wao anaeleza vizuri, tena haudhiki ukirudia. Njia za mkato zipo jikoni, juu ya jiko la mkaa, nazisoma nikipika. Kamusi naitumia sana.

Lakini jumla inakataa. Nimechukua taarifa ya zamani ya ofisini yenye vituo vinne vya kupokelea: Iguguno magunia 214, Ikungi 87, Sepuka 365, Ilongero 192. Kwa kalamu ninapata 858. Kompyuta inasema 452. Nimefuta, nimeandika upya, nimehamia kompyuta ya pili. 452. Ezekieli anasema fomula ni sahihi. Tena Ikungi na Sepuka zinasimama upande wa kulia wa vyumba vyake vya jedwali, Iguguno na Ilongero zinasimama kushoto, kama watu waliogombana. Kompyuta inapunja, Luqmani. Kama inapunja kwa Ezekieli, itapunja mbele ya Bwana Alute.

Jumanne nitakutumia jedwali kwa barua pepe. Jibu lake niandikie kwa mkono.

Shangazi yako,
Saada


Tabata, Dar es Salaam
16 Mei 2004

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na majaribio ya nusu muhula. Chumbani tumepata mwenzetu mpya kutoka Rungwa, ana asali na anajua kukoroma. Habari za nyumbani nimezipata kwa Baba, alipiga simu siku ya Maulidi. Alinieleza kuhusu chumba cha uani. Sikumwambia kitu.

Jedwali lako nimelifungua. Umelipanga vizuri kuliko wengine wa darasani kwetu, na umechagua herufi zinazofanana na za taipu, jambo ambalo kijana hawezi kulifikiria. Fomula ni sahihi kama Ezekieli alivyosema. Hata hivyo jumla ni 452. Nimelitazama mara nyingi. Kuna kitu nakihisi lakini sijakishika, na sitaki kukuandikia jambo la kubahatisha.

Endelea na masomo mengine. Fanya zoezi la kubadilisha namba mojawapo uone kama jumla inafuata.

Hujanijibu kuhusu Mama Witness. Nauliza kwa sababu ningependa kujua.

Mwanao,
Luqmani


Utemini, Singida
23 Mei 2004

Luqmani,

Salamu. Wote wazima.

Bwana Alute ameleta kompyuta ofisini. Imewekwa juu ya meza kati ya meza zetu mbili, imefunikwa kitambaa, na amesema haitafunuliwa mpaka siku ya mtihani. Tunafanya kazi tukiizunguka. Hakuna anayeitaja.

Kristina ana wake wa kumfundisha, mimi nina wangu. Hilo ndilo jibu.

Nami nina swali. Ijumaa, nilipokuwa nikienda kafe, nilimwona anatoka. Hakuniona. Alikuwa na karatasi mkononi, na ya juu ilikuwa ile orodha ya njia za mkato, ile ile, yenye kichwa kile kile cha buluu. Nilimkabili Ezekieli. Akaapa kwamba hakumpa. Anasema Mama Witness alikuja na anwani ya ukurasa ule kwenye karatasi yake mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Ni nani anayeandika anwani kwa herufi kubwa?

Saada


Tabata, Dar es Salaam
1 Juni 2004

Shangazi, shikamoo.

Ni mimi niliyempa.

Witness aliniandikia kwa niaba ya mama yake wiki moja baada ya barua yako ya kwanza. Aliuliza kile kile ulichouliza wewe, na nikampa kile kile. Sikukuambia kwa sababu nilidhani mnajifunza pamoja na utanitajia mwenyewe. Hukunitajia, nikaona nimekwama. Mama Witness ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni nilipokuja ofisini kwenu nikiwa na homa, wewe ukiwa na barua za kumaliza. Sikuweza kumwambia hapana. Kama nimekosa, nimekosa hapo.

Sasa jumla. Mama Witness naye alinitumia jedwali lake, akilalamika kwamba kompyuta inameza magunia. Ametumia taarifa ile ile ya ofisini, amepata 452, na kwake pia zilizokataa ni Iguguno na Ilongero. Nikayaweka majedwali mawili pamoja. Watu wawili, kila mmoja peke yake, kosa moja, hata kwenye kompyuta za chuoni. Nikajiuliza ninyi wawili mna nini cha pamoja. Mna mashine za ofisini.

Nilipokuwa mdogo mlikuwa mnaniruhusu kuzichezea. Nakumbuka nikitafuta namba moja nisiione. Namba zilianzia mbili. Ukanishika kidole, ukanipeleka kwenye herufi l ndogo, ukasema, "Moja ni hii." Mashine zile hazikuwa na kitufe cha moja. Mpiga chapa aliazima herufi, na kwenye karatasi hakuna aliyeona tofauti.

Kompyuta inaona. Ukiandika 214 kwa herufi l, kwake si namba, ni neno. Maneno huyasimamisha kushoto, namba kulia. Na maneno haiyajumlishi, inayaruka kimya kimya. Ikungi na Sepuka hazina moja ndani yake. Hizo tu ndizo ilizojumlisha.

Kitufe cha moja kipo juu kushoto, juu ya Q. Vidole vyako havijawahi kwenda pale. Vilazimishe.

Mama Witness sijamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ni shangazi yangu. Lakini nisingegundua bila jedwali lake. Nakuomba umwambie wewe. Usipomwambia, Jumatatu tarehe 28 Juni nitamwandikia mimi.

Mwanao,
Luqmani


Utemini, Singida
20 Juni 2004

Luqmani,

Bibi yako amelazwa siku mbili kwa malaria, ametoka jana. Anakuulizia.

Nimekwenda kwa Ezekieli na barua yako kwenye mkoba. Nilipiga moja ya juu. Namba ikaruka upande wa kulia. Nikafanya na ya pili. 858. Nilibaki nimekaa pale, Ezekieli akaniuliza kama naumwa.

Sasa nisikilize. Nilimshika kidole mtoto, mtoto amekua, ananiwekea tarehe. Unaniandikia "usipomwambia" kana kwamba mimi ni mdogo wako. Nafasi ni moja. Hatukuigawa sisi, aliyeigawa ni Bwana Alute. Kristina ana mume anayefanya kazi halmashauri, wana nyumba yao wenyewe kule Ikungi, ana Witness. Akikosa, atakasirika mwaka mmoja. Mimi nikikosa nitakuwa mtu wa kuombwa asogeze kiti wateja wapite. Baba yako alikuja Jumamosi na fundi, wamepaka rangi kile chumba. Kijani. Ameniuliza kama napenda kijani.

Usimwandikie. Akikuuliza, sema hujui.

Saada


Tabata, Dar es Salaam
29 Juni 2004

Shangazi, shikamoo. Mpe Bibi pole yangu.

Nimetii. Jana Witness aliandika tena kuuliza kuhusu jumla. Nimemjibu kwamba sijui. Ameshukuru hata hivyo, akasema mama yake ananiombea kanisani nifaulu.

Nimefanya ulivyotaka. Sitafanya mara ya pili.

Luqmani


Utemini, Singida
4 Julai 2004

Mwanangu Luqmani,

Kristina anajua. Nilimwambia jana alasiri kwa Ezekieli, na utaniwia radhi nikikuandikia yote kama yalivyokuwa, kwa maana utayasikia pia kutoka kwa Witness.

Bibi yako anakula vizuri na anadai supu. Baba yako mzima.

Jumatano walizichukua mashine. Vijana wa ghala walizipakia kwenye pikapu, Stefano akiuliza zinakwenda wapi, dereva hajui. Ijumaa Bwana Alute alipita ofisini, akaniambia kwamba siku ya mtihani, tukimaliza jedwali, atabadilisha namba mojawapo mwenyewe na kutazama kama jumla inabadilika. "Asiyefuatwa na jumla yake," akasema, "hajui kompyuta, anajua kuchora." Kristina hakuwapo, alikuwa msibani Ikungi. Aliyeyasikia ni mimi peke yangu.

Jana nilimkuta kwa Ezekieli, kompyuta ya pili. Hatujawahi kukutana mle tangu Machi. Tulikuwa tukipishana, kila mmoja anajua saa za mwenzake. Nilitaka kugeuka. Akaniona.

"Wee mtoto wa dukani," akasema, "ingia, hapa hakuuzwi kanga."

Nikaingia. Nikamwambia sikujua kama walokole wanaruhusiwa intaneti.

"Tunaruhusiwa kuiombea." Akavuta stuli karibu na yake. "Saada, nikuulize. Hilo lako linajumlisha?"

"Linajumlisha kiasi."

"Langu lilikuwa linapunja magunia. Mwanao Luqmani kashindwa, chuo kizima kimeshindwa. Lakini nimelipatia dawa. Kaa hapa nikuonyeshe kabla Ezekieli hajatudai."

Akatoa kikokotoo kwenye mkoba. Akajumlisha vituo vinne, akafuta 452, na mahali pake akaandika 858 kwa vidole vyake. Akarudi nyuma kidogo kama fundi aliyemaliza mlango.

"Umeona? Alhamisi na wewe fanya hivyo hivyo. Alute ataona jumla imekaa, atajuaje imefikaje pale? Ila weka kikokotoo kwenye mkoba, usikishike mkononi."

Ezekieli alimuuzia mtu vocha, akatafuta chenji, akaipata. Dawa yake ingemmaliza Alhamisi, mbele ya Bwana Alute, na alikuwa akinigawia ili inisaidie mimi. Nilikuwa sijamgawia chochote tangu zile tambi za Pasaka.

Nikamwambia arudishe fomula. Akasema ya nini, nikamwambia rudisha tu. Akairudisha. Nikamwambia afute 214 ya Iguguno na aiandike upya, lakini moja apige ile ya juu.

"Ya juu ipi?"

Nikamshika kidole, nikakipeleka. Namba ikaruka kulia. Jumla ikawa 666.

"Ishindwe!" akasema, akaondoa mkono kama ameungua. Ezekieli akacheka. Nikamwambia asiogope, aende Ilongero. Akaenda, akilitazama lile 666, namba ya mnyama katika Biblia yao, kwa pembe ya jicho. Ikawa 858 yenyewe. Hapo akaangua kicheko, akapiga meza, akanisukuma bega. "Kumbe ni ile l yetu! Miaka yote tunamlisha mtu herufi!"

Kisha kicheko kikaisha.

"Umejua lini?"

"Juni."

"Juni mwanzo au mwisho?"

"Mwanzo."

"Luqmani alisema hajui."

"Nilimkataza."

Nikamwambia na lile la Ijumaa, kwamba Bwana Alute atabadilisha namba. Niliona afadhali asikie yote kwa mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja karatasi zake, akamlipa Ezekieli, akaniambia, "Haya, Saada." Leo nilikuwa nimekaa barazani wakati walipotoka kanisani. Kwa kawaida huniita kutoka njiani. Leo amepita upande wa pili wa barabara, na Witness pia.

Sikuandikii haya ili unisifu. Kama hangenionyesha ile dawa yake, sijui ningesema. Na usidhani nimefanya jambo jepesi. Sasa tunajua sawa, na kwa kasi Kristina ananizidi, amenizidi tangu tukiwa wasichana. Nililijua hilo nilipokuwa nimeshika kidole chake.

Mwandikie Witness ukweli, kwa mkono au kwa kompyuta, upendavyo. Umwambie kosa la kunyamaza lilikuwa langu.

Ratiba imebandikwa mlangoni kwa meneja. Kompyuta ni moja, kwa hiyo tutaingia mmoja mmoja: Kristina saa tatu asubuhi, mimi saa nne na nusu. Nitakuwa nje kwenye benchi na nitavisikia vitufe. Matokeo yatatolewa Jumatatu tarehe 12, saa sita mchana. Baba yako alitaka kuleta mapema gari la kuhamishia vitu vyangu. Nimemwambia Jumanne tarehe 13, saa mbili asubuhi, na asije kabla.

Shangazi yako,
Saada